"Wafanyakazi wa Kuaminika Hawapatikani": Ni Nani Aliyewapoteza?



Mwezi uliopita mmoja wetu alikwenda kulipa ankara katika ofisi moja ya mjini. Ofisi ile ina madirisha sita ya kuhudumia watu. Siku hiyo lililokuwa wazi lilikuwa moja tu, na nyuma yake alikaa binti mmoja ambaye, kwa kumtazama, hakuwa amepata hata nafasi ya kunywa chai. Foleni ilitoka nje ya mlango ikashuka ngazi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kufika mbele alishindwa kuvumilia, akasema kwa sauti: "Binti, tangu saa mbili nimesimama hapa. Mnatuona sisi si watu?" Yule binti akajibu, "Samahani sana mzee wangu, niko peke yangu," kisha akaendelea kugonga mihuri. Ndipo meneja alipotoka chumbani mwake, akawatazama watu waliopanga foleni, akasema: "Mtuwie radhi, ndugu zangu. Siku hizi wafanyakazi wa kuaminika hawapatikani."

Watu waliguna, wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza yale madirisha matano yalifungwa lini, wala waliokuwa wakikaa pale walikwenda wapi. Na yule binti, ambaye ndiye pekee aliyekuwa amefika kazini na kuvumilia maneno ya watu tangu asubuhi, aliambiwa mbele ya umati kwamba watu wa kuaminika hawapatikani.

Maneno ya meneja yule si mageni. Tunayasikia katika mahoteli, hospitali, vituo vya mabasi, maduka na mabenki. Mteja akikosa huduma, jibu ni lile lile: vijana hawataki kazi, wazee wamechoka, waaminifu hawapo. Sisi hatusemi kwamba huduma mbaya haipo. Ipo, na sisi wenyewe huionja tunapokuwa upande wa pili wa dirisha. Tunachouliza ni jambo moja: upungufu huo wa watu wa kuaminika huletwa na nani?

Ili tusibishane kwa maneno matupu, tumechagua mfano mmoja wa kuchunguza, nao ni viwanja vya ndege vya Ulaya katika mwaka 2022. Tumeuchagua kwa sababu mambo yale yalitokea hadharani, hesabu zilitangazwa, na kila upande ulisema lake. Tena hayakuwa mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani. Aliyesafiri mwaka ule kutoka Entebbe kwa ndege ya KLM alipitia Amsterdam, na sanduku lake lilipita mikononi mwa wapakiaji wa huko.

MIZIGO ILIYOSAFIRI BILA WENYEWE

Tarehe 11 Julai 2022 ndege kubwa ya kampuni ya Delta iliondoka uwanja wa Heathrow, London, kwenda Detroit nchini Marekani. Ndani yake hapakuwa na abiria hata mmoja. Ilikuwa imebeba masanduku na mabegi yapatayo 1,000 ya watu waliokwisha kusafiri zamani wakaacha mizigo yao nyuma, kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kutosha kuipakia. Katika majuma yale picha za mizigo iliyorundikwa katika kumbi za uwanja zilienea dunia nzima.

Kesho yake, tarehe 12 Julai, wakuu wa Heathrow walitangaza jambo ambalo mfanyabiashara halitangazi kwa furaha: walisema hawataki abiria zaidi. Waliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, wakayaomba mashirika ya ndege yasiuze tena tikiti za majira yale ya joto. Kikomo hicho kilikuwa kiishe tarehe 11 Septemba, lakini kiliongezwa hadi tarehe 29 Oktoba.

Amsterdam nako hali haikuwa nzuri zaidi. Katika uwanja wa Schiphol foleni za ukaguzi zilitoka nje ya jengo. Watu walisimama kwa saa nyingi, na wengine walifika mbele wakakuta ndege yao imekwisha ruka. Uwanja nao ukaweka kikomo cha abiria. Katikati ya Septemba mkuu wa uwanja, Dick Benschop, alitangaza kwamba anajiuzulu.

Abiria walikuwa na haki ya kukasirika. Wengi walikuwa wameweka akiba miaka miwili ili wakawaone wazazi wao au wapumzike. Lakini hasira ile waliimwaga wapi? Waliimwaga pale pale kaunta, juu ya kijana wa kupokea tikiti, juu ya mama anayekagua mikoba, na juu ya yeyote aliyevaa sare.

WALIKUWA WAMEKWENDA WAPI?

Hapa hatuna budi kurudi nyuma miaka miwili. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga mipaka ya nchi nyingi. Sisi wa Uganda tunakumbuka: Entebbe ilifungwa kwa abiria mwezi ule, na haikufunguliwa tena kwa safari za kawaida mpaka tarehe 1 Oktoba 2020. Huko London, uwanja wa Heathrow ulikuwa umepitisha abiria milioni 80.9 katika mwaka 2019. Mwaka 2020 walipita milioni 22.1, na mwaka 2021 milioni 19.4 tu.

Kwa hiyo tuseme kweli. Waajiri walikuwa na shida ya hakika. Ndege hazikuruka, na fedha haziingii kwa ndege iliyoegeshwa. Chama cha wafanyakazi kinachokana jambo lililo wazi hujiharibia jina chenyewe. Swali ni namna gani shida ile iligawanywa, na nani alibebeshwa sehemu iliyo nzito.

Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwalipa wafanyakazi waliokaa nyumbani hadi asilimia 80 ya mshahara wao, usiozidi pauni 2,500 kwa mwezi. Shabaha ya mpango huo, ulioendelea mpaka mwisho wa Septemba 2021, ilikuwa kuwawezesha waajiri kuwashikilia watu wao mpaka dhoruba ipite. Hata hivyo, tarehe 28 Aprili 2020, mpango ukiwa bado mchanga, British Airways ilitangaza kwamba huenda ikapunguza nafasi 12,000 kati ya watumishi wake wapatao 42,000. Mwishowe walioondoka walikuwa karibu 10,000. Waliobaki katika kazi za kuwapokea abiria pale Heathrow walikatwa asilimia 10 ya mshahara. Makampuni ya kandarasi yanayopakia mizigo na kuhudumia ndege zikiwa chini nayo yaliacha watu wake kwa maelfu.

Basi watu wale walikwenda wapi? Hawakufa, wala hawakuwa wavivu. Walitafuta kazi nyingine kama mtu yeyote mwenye watoto wa kulisha. Wengine waliingia katika maghala, wengine katika malori, wengine katika kazi ya kupeleka bidhaa majumbani. Huko walikuta kwamba mtu anaweza kulipwa kiasi kile kile, au zaidi, bila kuamka saa nane za usiku ili kuwahi zamu ya alfajiri. Ilipofika mwaka 2022, safari zikafunguliwa kwa ghafula, waajiri wakageuka nyuma kuwaita. Wengi hawakuitika.

Mkuu wa Heathrow alieleza kwamba ongezeko la abiria ambalo kwa kawaida lingechukua miaka 40 lilikuja katika miezi 4. Wiki mbili baada ya kuweka kikomo, uwanja ulisema kwamba kwa makadirio yake makampuni yanayohudumia ndege zikiwa chini hayakuwa na zaidi ya asilimia 70 ya watu waliokuwa nao kabla ya ugonjwa, na kwamba tangu Januari idadi hiyo haikuongezeka. Msomaji aangalie vizuri. Aliyetoa hesabu hiyo ni mwenye uwanja, wala si chama cha wafanyakazi.

KUMWACHISHA MTU NI SIKU MOJA

Wako wanaodhani kwamba kazi ya kupakia mizigo au kukagua abiria ni kazi ya mtu yeyote: ukimkosa Juma unamchukua Petero aliyesimama langoni. Sivyo. Ndege hupakiwa kwa hesabu, na uzito usipogawanywa sawasawa huwa hatari. Mpakiaji hufanya kazi karibu na injini na mitambo inayotembea, na lazima ajue mahali pa kusimama na mahali pa kutokusimama. Mkaguzi naye hana budi kuitambua picha ya kitu kilichofichwa kati ya nguo na viatu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mambo hayo hufundishwa, kisha huzoewa.

Tena kuna kibali. Nchini Uingereza mtu hawezi kufanya kazi upande wa ndani wa uwanja mpaka mwenendo wake uchunguzwe: alifanya kazi wapi kwa miaka 5 iliyopita, na je, ana rekodi ya uhalifu? Katika mwaka 2022 uchunguzi huo ulikuwa shida kubwa. Kwa mtu aliyebadilisha kazi mara nne wakati wa ugonjwa, ilibidi kuandikia waajiri wanne na kungoja majibu ya wote. Serikali ilibidi kulegeza masharti, ikaruhusu baadhi ya mafunzo yaanze kabla ya uchunguzi kwisha.

Basi tupime. Kumwachisha mtu kazi ni barua moja na sahihi moja. Kumpata mwingine ni tangazo, mahojiano, uchunguzi, mafunzo, na miezi ya kumzoeza chini ya mkongwe wa kazi. Na ikiwa wakongwe nao waliondoka kwa barua ile ile, huyo mgeni atazoezwa na nani? Hapo ndipo huduma inapoharibika hata kama nafasi zimejazwa. Mtu yupo dirishani lakini hajui, na aliyekuwa akijua hayupo.

HESABU YA FOLENI

Mara nyingi meneja husema: "Tumepungukiwa kidogo tu." Lakini foleni haina "kidogo". Tuchukue mfano. Tuseme mtumishi mmoja huhudumia watu 20 kwa saa, na watu wanaofika ni 20 kwa saa. Foleni haikui. Sasa mwenzake wa dirisha la pili ameondolewa, na wanaofika dirisha lake wamekuwa 25. Kila saa watu 5 hubaki. Baada ya saa 4 wamebaki 20, na anayefika wakati huo atasimama saa nzima kabla ya kuhudumiwa. Baada ya saa 8 atasimama saa mbili. Mtumishi hakulegea hata kidogo. Anahudumia watu 20 kwa saa kama alivyofanya asubuhi. Lakini mteja haioni hesabu hiyo. Anachoona ni uso uliochoka.

Katika uwanja wa ndege hesabu hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa kila kazi inashikana na nyingine. Kundi la wapakiaji likipungukiwa, ndege hukaa kwenye maegesho yake kupita muda. Ndege nyingine iliyotua hukosa mahali pa kuegesha, nayo hungoja na watu ndani. Watu hao huchelewa ndege yao ya pili. Mizigo yao, iliyokuwa iende nao, hubaki, na sasa lazima itafutwe, iandikwe upya na kupangiwa ndege nyingine. Kazi moja imekuwa kazi tatu, na watu ni wale wale wachache. Ndiyo sababu pengo la watu watatu katika kumi halipunguzi huduma kwa sehemu tatu katika kumi. Huweza kuivuruga yote.

MSHAHARA ULIPOPANDA

Sasa tuje kwenye madai kwamba watu hawataki kazi. Tarehe 23 Aprili 2022 wapakiaji wa mizigo wa KLM pale Schiphol waliacha kazi ghafula, bila hata kuitwa na chama. Walichukizwa na mpango wa kuitoa sehemu ya kazi yao kwa kampuni nyingine, wakati wao wenyewe walikuwa wamelemewa. Siku ile uwanja ulivurugika, na wakubwa wakatambua kwamba mzigo haujibebi wenyewe.

Baada ya mazungumzo na vyama, kikiwamo FNV ambacho ni chama kikubwa cha Uholanzi, uwanja ulikubali posho ya majira ya joto ya yuro 5.25 kwa kila saa ya kazi, kwa walinzi, wasafishaji, wapakiaji na wengine. Posho ile ilipopunguzwa mwezi wa Septemba, foleni zilirudi. Ndipo mwezi wa Oktoba walinzi wa ukaguzi walipoongezwa yuro 2.50 kwa saa.

Kule Heathrow wapokeaji abiria wapatao 700 wa British Airways walidai jambo dogo lisilohitaji shahada kulielewa: warudishiwe ile asilimia 10 waliyokatwa. Abiria walikuwa wamerudi, wakuu wenyewe walikuwa wamerudishiwa mishahara yao, lakini wao bado. Mwezi wa Juni wanachama wa Unite na GMB walipiga kura, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga walikubali mgomo. Mgomo haukufanyika. Mwezi wa Julai kampuni ilikubali nyongeza ya asilimia 8, na wanachama wakaipokea.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba fedha ilimaliza kila kitu kwa usiku mmoja. Mafunzo yana muda wake, na vibali vina muda wake. Serikali ya Ujerumani ilijaribu njia ya mkato: mwishoni mwa Juni 2022 ilitangaza kuruhusu wafanyakazi wa muda kutoka Uturuki waje kusaidia viwanjani. Waliofika walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na majira ya joto yalikuwa yamekaribia kwisha. Mwenye nyumba asipotengeneza paa wakati wa kiangazi asilaumu mvua.

Tuutazame na mfano wa upande mwingine. Shirika la Ryanair halina sifa ya kuvipenda vyama vya wafanyakazi. Hata hivyo, mwaka 2020 lilikaa na vyama likapatana juu ya kupunguza mishahara kwa muda, marubani hadi asilimia 20 na wahudumu wa ndani ya ndege asilimia 10, ili nafasi nyingi za kazi zihifadhiwe, na mishahara irudishwe kidogo kidogo. Marubani na wahudumu wakabaki, na leseni zao zikabaki hai. Mwaka 2022 shirika hilo liliahirisha safari chache kuliko washindani wake wengi, na wakubwa wake walijivunia jambo hilo. Hatusemi hapakuwa na ugomvi. Wahudumu wake wa Hispania waligoma majira yale yale, wakidai hali bora. Lakini funzo linabaki: walioshikilia watu waliruka, waliotawanya watu waliomba radhi.

MWAJIRI NI NANI?

Liko jambo jingine lililokuwapo kabla ya Korona. Mwaka 1996 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la kufungua kazi za kuhudumia ndege viwanjani kwa ushindani wa makampuni. Tangu hapo kazi ambayo zamani ilifanywa na watumishi wa uwanja au wa shirika la ndege ilianza kugawanywa kwa kandarasi, na mara nyingi aliyetaja bei ndogo ndiye aliyepewa. Kwa mkandarasi, bei ndogo ina njia chache: kuajiri watu wachache, kulipa kidogo, au kuandika mikataba mifupi.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2022. Abiria alimfokea kijana mwenye beji ya shirika la ndege, kumbe kijana yule si mtumishi wa shirika hilo. Uwanja ulisema kosa ni la mashirika ya ndege na wakandarasi wao. Mashirika yakasema kosa ni la uwanja ulioshindwa kujitayarisha. Wakandarasi wakasema bei waliyolipwa haitoshi kuwapata watu. Kila mmoja alikuwa na wa kumnyoshea kidole, isipokuwa yule aliyesimama kaunta, maana mbele yake alikuwapo abiria tu.

Ndugu zetu wanaofanya kazi za usafi, ulinzi na mapokezi kwa makampuni ya kandarasi hapa kwetu hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua jinsi ilivyo kuvaa sare ya mtu mmoja na kulipwa na mtu mwingine.

MTEJA SI ADUI

Kosa kubwa tunaloweza kulifanya ni kukubali kugombanishwa na wateja. Yule mzee wa kwenye foleni ni nani? Pengine ni fundi mstaafu, pengine ni mkulima aliyeacha shamba lake alfajiri. Muda wake ni mali yake. Akichelewa kurudi, halipwi na mtu. Naye akifika kazini kwake anaambiwa maneno yale yale na wateja wake.

Sheria ya Ulaya yenyewe ilikataa hila hii ya kuwagombanisha. Kanuni ya mwaka 2004 inampa abiria ambaye safari yake imefutwa bila taarifa ya mapema fidia ya yuro 250 hadi 600, kufuatana na umbali, isipokuwa kama kuna jambo lisilo la kawaida ambalo shirika haliwezi kulizuia. Mashirika yamejaribu kusema kwamba wafanyakazi wao kuacha kazi ni jambo la namna hiyo, kama kimbunga. Tarehe 17 Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya shirika moja la Ujerumani, ambalo wafanyakazi wake wengi walijiandikisha wagonjwa baada ya kusikia ghafula mpango wa kulipanga shirika upya. Mahakama ilisema mipango ya namna hiyo ni sehemu ya kawaida ya kuendesha biashara, na matokeo yake hayamwondolei mwenye shirika wajibu kwa abiria. Kwa maneno mengine, namna unavyoishi na wafanyakazi wako ni jukumu lako, usimtwishe mteja.

NA SISI JE?

Itakuwa unafiki tukimaliza bila kujitazama. Wako miongoni mwetu wanaofika saa nne wakaandika saa mbili. Wako wanaoongea na simu huku mama mwenye mtoto mgongoni amesimama mbele yao. Wako wanaopokea "chai" ili kumpitisha mtu kwa mlango wa nyuma, na aliyesimama tangu alfajiri akaachwa pale pale. Kila mmoja wa hao humpa mwajiri silaha. Meneja akisema "hawaaminiki," humtaja huyo mmoja, na wenzake tisa walio waaminifu huchafuliwa kwa pamoja.

Mshahara mdogo ni sababu ya kudai. Haumruhusu mtu kumdharau raia. Chama kina haki ya kudai heshima kutoka juu kikiwa nacho kinaisimamia heshima hiyo chini. Kwa hiyo tunayashauri matawi yetu mambo yafuatayo.

Kwanza, kila tawi liandike katika daftari idadi ya watu waliopangwa katika kila zamu na idadi ya waliokuwa wanahitajika. Malalamiko ya wateja yakiletwa mezani, daftari liletwe pia. Bila daftari tutabishana kwa hisia, na katika hisia mwenye kiti kikubwa hushinda.

Pili, mwajiri akisema watu wa kuaminika hawapatikani, aulizwe kwa adabu maswali manne. Mwaka uliopita waliondoka wangapi? Walikuwa wamekaa muda gani? Waliondoka kwa sababu gani? Na tangazo la kazi lililobandikwa linataja mshahara kiasi gani?

Tatu, shida ya kweli ikija, kama ilivyokuja mwaka 2020, tusingoje barua. Tuombe kikao mapema tujadili kupunguza saa au kugawana zamu kabla ya kupunguza watu. Na ikiwa hapana budi watu waondoke, iandikwe katika mapatano kwamba kazi ikirudi wao ndio watakaoitwa kwanza, na utumishi wao wa zamani utahesabiwa.

Nne, mkongwe wa kazi apewe muda na posho ya kumfundisha mgeni. Ujuzi wake ni mali ya ofisi nzima, na akiondoka nao bila kumwachia mtu, hasara ni ya wote.

Tano, mteja aambiwe kweli. Mtumishi asimtupie lawama mwenzake, wala asijifanye hasikii. Aseme kwa upole: "Leo tuko wawili badala ya watano, itachukua kama saa moja, na msimamizi yuko chumba kile." Mteja aliyeambiwa kweli atajua pa kupeleka malalamiko yake.

Tunarudi kwenye ofisi yetu yenye madirisha sita. Ndugu yetu alipofika mbele ya dirisha ilikuwa imekaribia saa saba. Alimwuliza yule binti amekuwa pale miaka mingapi. Akasema miaka tisa, na kwamba alipoanza walikuwa sita. Watatu walipunguzwa, wawili waliondoka wenyewe kutafuta maisha, na nafasi zao hazikutangazwa. Kisha akagonga muhuri, akarudisha stakabadhi, akasema, "Karibu tena, na samahani kwa kukuchelewesha."

Mfanyakazi wa kuaminika alikuwa pale pale dirishani kwa miaka tisa. Kazi iliyobaki ni yetu sote, wanachama na viongozi: kuhakikisha kwamba naye hapotezwi.

Umoja ni nguvu.